Jani la Isale Nililompa Bwana

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hata leo nikimwona mtu tuliyefanya naye kazi kwenye lile shamba la kahawa chini ya Tengeru, navuka barabara kabla hajaanza kucheka.

Enzi hizo za Mwingereza nilipasuliwa jipu la paja, na mganga wa zahanati akaniandikia siku kumi na nne za kupumzika nyumbani. Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, alikubali kwa kinywa chake. Nikatuma salamu juu mlimani kwa wadogo zangu wawili (wazazi walishatutoka, mimi kifungua mimba, shule niliiacha darasa la tatu ili wao wale) kwamba Jumamosi naja. Sikuwa nimelala nyumbani tangu masika, na nilichotamani si dawa, ni kulala kwenye kitanda cha mama nikiwasikia wakigombania kuwasha moto jikoni.

Kumbe wiki hiyo buni ikaiva kwa pamoja, Bwana akageuka. "Mguu utasubiri. Kahawa haisubiri."

Sasa badala ya kumwonyesha cheti tena, nikaamua kumpelekea jani la isale. Kwetu Wameru ukimpa mtu jani hilo limefungwa fundo, hata awe na hasira gani, ombi lako hakatai. Nikachuma moja alfajiri, nikachechemea hadi mbele ya wafanyakazi wote wakiitwa majina, nikainama, nikampa kwa mikono miwili.

Akaligeuzageuza. "Umelitoa wapi?"

"Mpakani, Bwana," nikajibu kwa unyenyekevu (mjinga mimi, isale ndiyo tunayopandia mipaka, na yeye alikuwa akigombana na majirani juu ya mpaka huohuo).

Akaona nimetumwa na majirani hao kung'oa alama. Akamwagiza nyapara anisimamie nipande mstari mzima wa isale upya, na watu wakipita na vikapu vyao wananiuliza, "Mzee wa mila, umeshasamehewa?"

Jumapili wadogo zangu wakateremka wenyewe na chungu cha mtori. Naomi, mmoja wao, akanifungua kidonda, akakitazama, akanuna.

"Kaka, ungeniita nije nilie mimi. Machozi hata Wazungu wanayajua."

Jioni wakaondoka, nikawatazama wakipanda mlima hadi migomba ikawameza. Kitanda cha mama nilikuja kukilalia Krismasi, paja limeshapona, na wao walikuwa wamezoea kuwasha moto bila kugombana. Ndipo nikaapa: mila yetu nampa anayeijua, na asiyeijua nampa cheti, tena mbele ya mashahidi.