Mlima wa Ugali na Penseli ya Fundi

Alipokuwa darasa la nne kule Ilula, Iringa, Veneranda na wenzake waliambiwa wachore kitu wanachokipenda. Wenzake walichora bendera, maua na mwalimu mwenyewe. Yeye alichora ukoko wa ugali, ule unaobanduka mzimamzima kama kofia, na pembeni nyanya mbili zilizobabuliwa motoni. Mwalimu aliutazama mchoro, akameza mate, kisha akampa alama nne kwa kumi kwa sababu, alisema, ukoko si kitu. Veneranda aliyaona mate yale yakishuka. Tangu siku hiyo hakuchora kingine ila chakula.

Sasa ana miaka thelathini na moja, ameolewa Uyole, Mbeya, na yuko kwenye daftari lake la tatu. Ana masharti. Chakula kiwe mbele yake, na aonje kwanza, maana anaamini kisichoonjwa hakichoreki. Ameshachora parachichi lililonyunyiziwa chumvi, viazi vitamu vya chai ya saa nne, chipsi mayai na kijiti cha meno kimesimama juu yake kama mlingoti, na wali wa ubatizo punje kwa punje, mpaka wageni wakamaliza sinia yeye bado yuko kwenye punje. Rangi ya kahawia huitoa kwenye majani ya chai, kijani husugua jani la boga. Mvuke ndio unaomtesa mpaka leo.

"Si upige picha kwa simu, tule?" huuliza mumewe, Lutengano, dereva wa lori la mchele, ambaye kila akitoka Chimala hurudi na njaa ya lori zima.

"Simu haina njaa," Veneranda humjibu. "Itajuaje pa kuanzia?"

Uani kwao kuna nyumba mbili. Ya mbele wanakaa wazazi wa Lutengano, Mzee Asukile, fundi seremala aliyestaafu, na mkewe Tumpe. Ya nyuma ni ya Veneranda na mumewe. Katikati kuna migomba michache na mila moja nzito. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawali pamoja. Mjini wengi wameiacha, lakini Mzee Asukile alipohama kutoka Tukuyu aliifungasha pamoja na randa na misumeno yake. Basi kwa miaka minne mzee akitaka kupita uani hukohoa mara mbili, na Veneranda hujibanza nyuma ya migomba akajitanda kanga usoni. Yeye anamjua mzee kwa kikohozi, mzee anamjua yeye kwa kanga. Hata kwa simu hawazungumzi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Tumpe alipoitwa Chunya kwa binti yake aliyejifungua mapacha. Alifunga mzigo wa mwezi mzima, kisha akamwita mkamwana wake.

"Mwanangu, baba yako nakuachia. Unayajua mashavu yake?"

"Nayasikia yakikohoa tu, mama."

Mama Tumpe alicheka, halafu akaacha kucheka. "Nimeyajenga mashavu yale miaka arobaini na miwili. Nikirudi niyakute. Nikikuta mifupa, ndugu zake wa Tukuyu watasema Mhehe kamshindisha mzee njaa. Na wewe unajua walivyokupokea."

Alijua sana. Siku ya harusi shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama mabinti wa kwao Rungwe walikuwa wamekwisha.

Kwa hiyo Veneranda alipika kwa moyo wote, na kupika kwa moyo wote, kwao Ilula, ni kusonga ugali mpaka mwiko uombe msamaha. Alikuwa akiweka sinia juu ya kigoda mlangoni, anagonga mara mbili, anaondoka mbio. Baada ya muda kikohozi kinasikika na sinia limerudi kigodani. Siku ya kwanza mboga ilikuwa imeisha, lakini ugali ulikuwa umemegwa upande mmoja kama na panya mwenye aibu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano akampigia simu mumewe, aliyekuwa barabarani, amwulize mzee.

"Baba anasema chakula kitamu sana, ndaga, yaani asante," Lutengano alileta majibu.

"Kitamu sana, mbona kinarudi?"

"Labda ameshiba."

"Mtu anashiba kwa tonge la kubandikia bahasha?"

Siku ya tisa Eveline, jirani muuza ndizi, aliinua shingo juu ya uzio. "Wee Mhehe! Nimemwona mzee wetu anakwenda kanisani, mkono mmoja ameshika Biblia, wa pili ameshika suruali isidondoke. Unamlisha nini, kokoto?"

Veneranda aliingia ndani, akaweka mbele yake ule ugali uliorudi, akauchora kwa hasira. Ugali ukawa mlima Kitonga na kona zake zote, ule ule ambao utotoni alikuwa akisikia malori yakilia yanapoupanda. Katikati ya mlima akachora lori dogo linalotoa moshi, dereva wake mzee, mashavu yamevimba, ulimi nje. Chini akaandika: "Mzee kashindwa mlima." Akacheka peke yake mpaka akafuta machozi.

Kesho yake mchana bakuli la mchuzi lilikuwa la moto. Kitambaa hakikuonekana, daftari ndilo lililokuwa karibu, akalikinga chini ya bakuli, akaenda, akaweka vyote kigodani, akagonga, akakimbia. Alikuwa anasuuza sufuria alipokumbuka. Alichungulia kupitia majani ya migomba. Mlango ulikuwa umefunguka na kufungwa, na kigoda kilikuwa kitupu.

Angefanya nini? Kuingia hawezi, kuita hawezi. Lutengano alikuwa Makambako na lori lake. Kutoka nyumba ya mbele ilitoka sauti moja tu, kikohozi kirefu kisicho cha kawaida, kama cha mtu aliyepaliwa. Veneranda alijiona tayari yuko kwenye basi la Iringa, begi mapajani, akijiandaa kumweleza mama yake kwamba ameachwa kwa kosa la kuchora.

Asubuhi daftari lilikuwa kigodani, limefungwa kwenye gazeti kwa uzi wa fundi. Alilifungulia nyuma ya migomba. Kwenye ukurasa wa Kitonga, chini ya mlima, palikuwa na lori la pili. Lilichorwa kwa penseli bapa ya seremala na kwa rula, magurudumu sawasawa, bodi na bawaba zake. Mbele lori lilikuwa limefungua mdomo, na mdomoni mlikuwa na meno matatu, mawili juu na moja chini, kila moja limepewa namba. Pembeni, kwa herufi kubwa: DEREVA HAJASHINDWA. BARABARA NI NGUMU.

Veneranda alikaa chini palepale kwenye majani makavu. Mtu unayekutana naye kwa kikohozi, meno yake utayahesabu lini?

Alipopeleka uji alichora sahani tupu yenye alama kubwa ya kuuliza. Jibu lilirudi kama ramani ya nyumba. Sufuria limepasuliwa katikati ili ndani paonekane, chini nyama ya ng'ombe yenye mafuta, juu yake ndizi mbichi zilizomenywa, zimelazwa upande mmoja kama mbao stoo, na juu kabisa jani la mgomba kama paa. Alikimbilia kwa Eveline.

"Leo Mhehe anapika mbalaga, ndizi za Wanyakyusa!" Eveline alipaza sauti mtaa usikie. "Chukua hizi, nene. Na usinitie aibu."

Alipanga kila kitu kama kwenye ramani. Lakini mkono wa Ilula ukiona sufuria linachemka hauwezi kutulia. Alichukua mwiko, akakoroga, na ndizi zikawa rojo. Sahani ilirudi nusu, ambayo ilikuwa nafuu, pamoja na mchoro wa mwiko ndani ya duara, umekatwa kwa mstari: CHOMBO HIKI KISIINGIE. Kesho yake Veneranda alimpa Eveline mwiko amfungie kwake. Sahani ilirudi nyeupe, imekwanguliwa. Ukurasani paliandikwa: IMEKAGULIWA. IMEPITA.

Alicheza peke yake uani, kanga ikaanguka, akasahau hata kujificha. Bahati mzee hakukohoa.

Kutoka hapo daftari lilikuwa linakwenda na kurudi kila siku. Yeye alichora boga, mzee akalirudisha na vipimo vya upana na kina. Alibabua nyanya kama za kwao, laini, zinazotoa maji, mzee akaandika: NYANYA HII INA AKILI. Mwezi ulipokwisha, Mama Tumpe alishuka kwenye gari la Chunya, vumbi mpaka kwenye kope, akaenda moja kwa moja nyumba ya mbele kabla hata ya kusalimia. Alitoka ameshika kiuno.

"Mashavu nimeyakuta. Na kidevu cha pili ambacho sikukiacha." Akasogea karibu na kushusha sauti. "Mmezungumza?"

"Hata neno, mama. Wala hatujaonana." Akampa daftari.

Mama Tumpe alifungua ukurasa mmoja mmoja. Penye lori alicheka mpaka akashika mgomba. "Meno matatu! Haya alinikataza nisimwambie mtu, hata Lutengano hajui. Na wewe amekuchorea mwenyewe." Aliligonga daftari kwa kidole. "Basi waje hao wa Tukuyu. Nitawaonyesha hili."

Akaendelea kufungua, mpaka kwenye mbalaga ya wiki ya mwisho. Chini kulikuwa na maandishi madogo, akayasogeza machoni, akasoma kwa sauti: KAMA ZA TUMPE, ILA ZA TUMPE HUZIDI CHUMVI.

"Miaka arobaini na miwili!"

"Mama, labda alikuwa anatania..."

"Nipe penseli."

Hakuwahi kuchora maishani. Alichora pakiti ya chumvi yenye miguu, mzigo kichwani, inatoka getini. Mchana alipika ndizi mwenyewe, akamkatalia Veneranda hata kufunika sufuria, hakutia chumvi hata chembe, akapeleka na ukurasa ule chini ya sahani. Wakasubiri wote wawili nyuma ya migomba.

Kikohozi kikaja, mara mbili. Sahani ilikuwa tupu. Chini ya ile pakiti mzee alikuwa ameandika: IRUDI NYUMBANI. FUNDI ALIKOSEA KIPIMO.

Mama Tumpe alisoma mara mbili. "Chumvi aingoje mpaka Jumapili," akasema, kisha akamwuliza Veneranda daftari kama lile analipata duka gani.