Kipande cha Migombani

Watu wasiokaa Ifakara hudhani bonde lile halijui baridi. Nami nilidhani hivyohivyo. Nimezaliwa upande wa Mahenge, milimani, ambako baridi ni baridi, na nilipoolewa bondeni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, shuka langu zito nilimwachia mdogo wangu nikijua sitalihitaji tena. Ikaja miezi ya Juni na Julai. Ukungu ulitoka mtoni ukakaa uani mpaka jua limepanda, na watu wazima walikuwa wakiota moto wamejikunyata, kisha wananiambia kwamba hii si baridi. Shuka lile nililijutia sana.

Wakati huo wa kipupwe ndipo bustani ya nyumbani inapotengenezwa. Mpunga uko mashambani unavunwa, karibu kila mtu amehamia huko, na mji unabaki na wagonjwa, wazee na wanawake wenye sababu. Anayebaki ndiye anayeandaa bustani, ili mvua zikija mwishoni mwa mwaka zikute kila kitu kiko tayari. Ukichelewa, udongo unakauka mpaka jembe linaruka. Ukingoja mvua ndipo ulime, magugu yanakutangulia. Kwa hiyo kazi inafanywa udongo ukiwa bado na unyevu, baridi ikikuuma, na hakuna anayekusifu kwa sababu hakuna cha kuona ila udongo mtupu.

Mwaka ninaousema, sababu yangu ya kubaki mjini ilijulikana na haikutajwa. Wakati wa masika, mto umejaa, uchungu ulinishika kabla ya siku zake, na mtoto akazaliwa amekufa. Mama mkwe na jirani yetu mmoja ndio walionihudumia. Walimchukua wakatoka naye kwa mlango wa uani, nikasikia jembe nje katikati ya mvua, kisha wakarudi, wakanawa, wakanipikia uji. Mtoto wa namna hiyo alikuwa hajabatizwa, kwa hiyo habari ya makaburi ya misheni haikuwepo. Alizikwa na wanawake, karibu na nyumba, na mama yake hakuonyeshwa mahali. Mama huyo haulizi, wala halii. Mama mkwe alinieleza hayo kwa upole, mara moja tu: ukimlilia, unamfungia njia anayemfuata. Kwetu mlimani mambo yalikuwa hayohayo, kwa hiyo sikushangaa. Niliumia, lakini sikushangaa.

Nilipoanza tena kutoka nje, baada ya majuma mengi ya kukaa ndani, bustani ilikuwa imeota kila kitu. Maboga yalikuwa yametambaa kotekote, magugu ya ndago yamejaa, na hapakuwa na mahali ambapo ungeweza kusema hapa palichimbwa. Bustani yenyewe haikuwa ndogo. Ilianzia kwenye bafu letu la matete, ikapita nyuma ya jiko, ikaishia kwenye migomba iliyopakana na kwa jirani.

Mpunga ulipoiva, mama mkwe alimfuata mwanawe shambani Michenga. Huko walikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, wakilinda nguruwe pori na kuvuna. Mimi niliambiwa nibaki nipate nguvu. Mama mkwe alikuwa na maana yake ya kupata nguvu. Alinitajia kazi akiwa amekwishajitwika mzigo: ning'oe mabua na maboga ya zamani, nilime bustani yote, nitoe ndago mpaka vile viazi vyake vidogo vya chini, nitie majivu na samadi ya kuku na makapi ya mpunga, nizibe ua kwa matete mapya kabla kuku wa jirani hawajazoea, niweke mbegu. Alilisisitiza sana lile neno "yote". Watu wa mlimani, kwa maoni yake, walikuwa wanakwangua ardhi tu halafu wanaita kulima.

Nilianza na mbegu, kwa kuwa mbegu hazihitaji jembe. Nilipasua maboga yaliyokomaa, nikaosha mbegu, nikazianika kwenye ungo, nikazichanganya na majivu, nikazitia kibuyuni na kuziba kwa gunzi. Kibuyu nikakining'iniza juu ya meko ili moshi uzuie wadudu. Bamia na kunde nazo hivyohivyo. Kisha nikaziba ua. Kisha nikafagia uwanja ambao nilikuwa nimeufagia. Mwisho kazi zote zisizo za jembe ziliisha, na jembe lilikuwa palepale limeegemea ukuta.

Tatizo langu lilikuwa moja: sikujua mtoto yuko wapi. Kumwuliza mama mkwe kabla hajaondoka kungekuwa kuvunja kile alichonifundisha. Mume wangu alikuja mara moja kuniletea mchele mpya, akauliza hali yangu, nikasema nzuri, lakini katika mambo yale wanaume hawakuingizwa na hakujua zaidi yangu. Na kama ningelima tu, huenda jembe langu lingemfikia. Sikumwogopa mwanangu. Niliogopa kumwumiza. Nilijua vizuri kwamba haumii, lakini kila nilipolishika jembe mkono ulikataa, nikalirudisha ukutani.

Nilijaribu kwa jirani, yuleyule aliyesaidia siku ile. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, asiyeweza kunyamaza hata padri akihubiri. Nilimpelekea mboga ya majani ya maboga, tukakaa, na katikati ya mazungumzo nikamwuliza, kwa kuzunguka mbali, ni upande gani wa bustani yetu wenye udongo mzuri. Aliyageuza yale majani ya maboga mkononi. Kisha akanipa habari ndefu za kuku wake mmoja anayekula mayai yake mwenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli, na hasira ile haikupotea bure, maana kesho yake nilianza kulima.

Nilikata shauri kwa kufuata ya kwetu. Kijijini kwetu mlimani mtoto wa namna hiyo huzikwa migombani, palipo na kivuli na ubaridi, na sikuwahi kusikia pengine. Basi migombani nisingegusa, kwingine kote ningelima. Nilianzia mbali na migomba kadiri nilivyoweza, nyuma ya bafu la matete, ambako maji ya kuogea yalitiririkia na udongo ulikuwa laini na mweusi. Hapo nikapafanya kitalu. Nililima kwa kina, nikafuata kila ndago mpaka mwisho wake, nikarundika mabua makavu juu na kuyachoma ili kuua mbegu za magugu, nikachanganya majivu na samadi, nikasawazisha kwa kiganja. Asubuhi mvuke ulikuwa ukitoka kwenye udongo niliougeuza, nami niliona raha, raha ya kwanza tangu masika. Nilipapenda mahali pale kuliko bustani yote.

Kutoka hapo nikaja nyuma ya jiko, nikainua matuta ya bamia na nyanya chungu, nikaacha nafasi ya mchicha. Nilipofika migombani nikasimama. Niliacha kipande kizima mpaka kwenye ua, majani yakinifika magotini. Hata majani makavu ya migomba sikuyakata. Nikipita hapo na ndoo nilipunguza mwendo, na mara nyingine nilisimama kidogo, nikijifanya natazama mikungu. Nilikuwa nimejipatia kaburi bila kumwuliza mtu, na nilikuwa nimeridhika nalo.

Mama mkwe alirudi mpunga ulipokwisha kupurwa, amekonda, ameungua na jua, anakohoa. Shikamoo yangu aliipokea huku macho yakiwa tayari bustanini. Alipita kwenye matuta, akachukua udongo akaunusa, akautikisa ua kwa mkono kuona kama unacheza. Kwenye kitalu alisimama bila kuugusa udongo, kisha akasema pamelimwa vizuri. Nilifurahi, kwa sababu hakuwa mtu wa kusifu. Ndipo akaiona migomba.

Akaanza. Alisema alikuwa anajua, na kwamba alimwambia mwanawe tangu wakati wa posa kuwa watu wa mlimani huchoka kazi ikibaki kidogo. Alisema ndago zile zitarudi zote kwenye matuta kwa mvua ya kwanza. Akauliza kama nimewaachia nyoka pa kulala. Sikumjibu. Kwa kawaida nilikuwa na majibu, naye alikwishazoea kuyapata, na nadhani kimya changu ndicho kilichomshtua. Alinitazama usoni, akatazama migomba, akatazama miguu yangu iliyosimama pembeni kabisa ya yale majani. Akaacha kusema.

Aliingia jikoni, akatoka na majembe mawili, akanipa moja.

"Migombani hakuna kitu, mwanangu," alisema. "Lima."

Akatangulia mwenyewe. Nikalima kando yake, na mabega yakanilegea. Udongo pale ulikuwa mgumu na mizizi ya migomba ilirudisha jembe nyuma, lakini nililima kama mtu aliyefunguliwa kamba. Sijui ulipita muda gani kabla sijayaelewa maneno yake. Kama hayupo hapa, basi yuko kule nilikolima. Na nikikumbuka jinsi alivyosimama kwenye kitalu, sikuhitaji kuambiwa ni wapi.

Jembe likaniponyoka. Nilifikiria moto niliouwasha pale, na mizizi niliyoifuata kwa bidii, na kiganja changu juu ya udongo ule.

Mama mkwe hakuinua kichwa.

"Nilichimba mpaka kiunoni," alisema. "Palipo na maji, asipate joto. Jembe lako halikufika."

Nikaketi chini nikalia. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, jirani akisikia, kinyume cha yote niliyofundishwa, na yeye aliyenifundisha hakunikataza. Aliendelea kulima polepole, akanizunguka nilipoketi, akaniachia yale majani niliyoyakalia. Nilipotulia alikuwa amefika mgomba wa mwisho. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, akiitazama migomba wala si mimi:

"Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi."

Kisha akaniambia nisogee, amalizie pale nilipokaa.