Dola za Fedha Nilizozing'arisha

Katika miaka ile ya tisini nilishuka tramu huko Uccle, Ubelgiji, kila asubuhi, nikiwa na ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine mfukoni. Nyumba ilikuwa ya mzee Mbelgiji, mjane, aliyekaa Bukavu karibu nusu ya maisha yake akinunua magome ya kwinini. Mimi nilimwogesha, nikampikia, nikampeleka misa Jumapili. Nilimwita Papa, yaani baba. Naye aliniita Papa, ingawa alikuwa amenizidi miaka ishirini na zaidi. Tulizungumza Kiswahili cha kwetu Kivu, kile cha nyumbani, na siku za baridi kali nilipofunga mlango nyuma yangu na kumsikia akiniuliza toka chumbani kama nimekunywa chai, nilisahau kwa dakika chache mahali nilipokuwa.

Binti yake alikuja Jumatano na supu. Akiondoka tu, mzee alinisukumia bakuli. "Kunywa wewe, Papa. Mimi sina dhambi ya kutosha kwa hii supu."

Furaha yake ilikuwa Jumapili, tukitoka kanisani. Alikaa mezani, nikamtandikia taulo lililokunjwa mara nne, kisha akasema, "Leta bamama."

Bamama walikuwa dola za fedha za Amerika, za zamani, zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Zililala kwenye kabati dogo la droo nyembamba, kila moja katika kishimo chake cha kitambaa cha kijani. Ya kwanza alipewa Bukavu na Mmarekani aliyekuja kuulizia bei ya kwinini, na tangu siku hiyo akawa anazitafuta, kwa barua, kwa minada, kwa kujinyima. Hakuwa tajiri. Koti lake la majira ya baridi lilikuwa na viraka kwenye viwiko.

Sarafu hizo hazikung'aa. Nyingine zilikuwa za kijivu kama mawingu, nyingine zilikuwa na duara la rangi ukingoni, zambarau na buluu na kahawia, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Alizishika pembeni tu, kwa vidole viwili, asiguse uso. Nilimshikia kioo cha kukuzia.

"Hapa chini ya ndege, unaona nini?"

"C mbili, Papa."

"Deux C. Ni mji mudogo wa katika jangwa. Walichapa feza pale miaka kidogo tu, kisha wakafunga. Hii mwaka yake, bantu wanaitafuta sana. Ukiiangusha, nitakurudisha Bukavu kwa miguu."

"Kwa miguu nitafika mbele ya ndege yenu," nilimjibu, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa niseme jambo linalonihusu, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Nilipokuwa nasoma sekondari kwa mapadri wa Bukavu nilikuwa sakristani, mtunza vyombo vya misa, na mzee nilishamsimulia habari za siku hizo. Kikombe cha misa hatukukishika kwa mikono mitupu. Tulikishika kwa kitambaa, kwa heshima. Lakini kila Jumamosi tulikisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikawaka. Padri alikuja, akajitazama ndani yake kama kwenye kioo, akainamisha kichwa kwa kuridhika. Kwangu mimi mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: kitu kitakatifu hukigusi ovyo, na kitu kitakatifu hukiachi kichafu. Nilipomwona mzee anashika dola zake pembeni kama hostia, mkate wa komunyo, nilielewa nusu ya kwanza, na nusu ya pili nikajijazia mwenyewe.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Halafu akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, akakaa hospitali wiki nyingi. Binti yake akasema imetosha, baba aende kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwapo pembeni ya kitanda. Mzee alimsikiliza hadi mwisho kwa Kifaransa, kisha akanigeukia kwa Kiswahili, jambo ambalo binti alilichukia.

"Papa, nitauza bamama. Wote. Kwa ile feza utahamia kwangu, katika chumba ya juu, utanilinda mchana na usiku. Miaka inayobaki si mingi. Kule siendi. Kule bantu wanakaa kwa mstari wanangoja supu."

Akamwambia binti yake amwite mnunuzi wa sarafu Jumatatu, siku mbili baada ya yeye kurudi nyumbani. Binti alikubali, kwa sharti moja: pesa zisipotosha, mzee atakwenda bila kubishana. Walipeana mkono juu ya blanketi.

Jumamosi ile mzee alirudi, akalala mchana kucha kwa dawa. Asubuhi nilikuwa nimepita Matonge, mtaa wa watu wa kwetu huko huko mjini, nikanunua ndimu. Mama mmoja wa saluni katika maduka ya Galerie d'Ixelles, jirani yangu niliyezoea kutaniana naye, aliuliza kama nimeanza kupika samaki.

"Hapana, maman. Leo nasafisha wanawake wa Amerika."

"Alors, ukimaliza wale, hapa kuko wanawake wa Kasai, bado wanangoja."

Nilikaa jikoni Uccle na majivu laini kutoka jiko la kuni la sebuleni. Nilifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, nisidanganye. Nilisugua kwa kitambaa cha pamba, taratibu, nikasuuza, nikakausha. Ile yenye C mbili niliiacha mwisho. Ilikuwa na duara la zambarau, na nilisugua hadi likaondoka lote. Nilipozirudisha kwenye vishimo vyake zilikuwa nyeupe kama meno. Nilimwona mawazoni mnunuzi akifungua droo na kushika mdomo. Niliona chumba changu cha juu, na dirisha lake linalotazama mti wa chestnut. Sikumwambia mzee. Nilitaka iwe zawadi.

Jumatatu mnunuzi alikuja, mtu mrefu mwenye sanduku la ngozi. Mzee alikaa mezani, binti nyuma yake, mimi mlangoni na sinia la kahawa. Alifungua droo ya kwanza. Akaifunga. Akafungua ya pili, na ya tatu. Akachukua ile yenye C mbili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha polepole.

"Bwana," alisema kwa Kifaransa, "nani amezisafisha hizi?"

Mzee, ambaye kwa macho yale aliona vivuli tu, alinyoosha mkono akaichukua sarafu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiweka kidole gumba juu ya uso wake. Aliipapasa. Kisha akaisogeza karibu na pua, kama mtu anayenusa tunda sokoni.

"Ni mimi," alisema. "Uzee."

Mnunuzi alieleza kwa upole. Alisema ile rangi ilikuwa ngozi ya sarafu, ilichukua miaka mia moja kuota, na ukiichubua hairudi. Wakusanyaji hutazama hiyo kwanza. Ile yenye C mbili bado angeipa bei fulani, lakini si ile aliyoijia. Nyingine zilizobaki zilikuwa fedha ya kupima kwenye mizani. Binti alifumba macho. Hakuonyesha kufurahi, lazima nimtendee haki.

Na mimi nikamimina kahawa. Hicho ndicho nilichofanya. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema, maneno matatu, ni mimi nilizisafisha, na nikauliza nani anataka sukari.

Kabla mwezi haujaisha tulimpeleka kule alikokataa. Hakubishana, alikuwa amepeana mkono.

Yule mama wa saluni nilimweleza. Aliendelea kusuka kichwa cha mteja wake, hakuinua macho.

"Donc wewe sacristain muzima, na kuungama haujui?"

"Nitamwambia, maman."

"Lini? Yeye ni mutoto, ataendelea kukungoja?"

Nilimtembelea kila Jumapili. Nilimnyoa, nikamkata kucha, nikamsimulia habari za misa. Na kila mara, kabla sijavaa koti, aliniuliza, "Bon, Papa. Kuko kitu ingine ya kuniambia?" Nilidhani ni udadisi wa mtu aliyefungiwa. Nilimwambia habari za tramu, bei ya mkaa wa kuchoma nyama, nani ameoa nani. Alisikiliza, akasema, "Haya, Jumapili basi." Majira ya baridi mawili yalipita hivyo. Ya tatu hakuyamaliza.

Baada ya mazishi binti yake alinivuta kando mlangoni mwa kanisa, akanipa bahasha ndogo. Ndani ilikuwamo dola yenye C mbili, hawakuwa wameiuza. Na hapo, kwa mtu ambaye siye niliyepaswa kumwambia, nikasema. Ni mimi nilizisafisha.

"Baba alijua," alisema. "Zilinuka ndimu. Alisema ni harufu ya sakristia yenu ya Bukavu. Nilitaka kukufukuza siku ile ile, akanikataza. Alisema nisikuulize, utamwambia mwenyewe." Alifunga vifungo vya koti lake. "Kila Jumapili jioni nilimpigia simu. Kila Jumapili alisema, labda wiki ijayo."

Mimi sasa nina umri wa mzee yule. Sarafu ninayo. Jumapili baada ya misa huitoa kwenye bahasha, nikaishika pembeni kwa vidole viwili, karibu na dirisha. Kwa miaka yote hii imepata mstari mwembamba wa manjano ukingoni, mwembamba kama ukucha. Mke wangu huniuliza kwa nini siipigi kitambaa kidogo, kitu kizuri namna ile. Namwambia aiache.