Kisanduku cha Kumnasa Kaka

Kuna kazi mtu akipewa anashukuru, na kuna kazi akipewa anatamani angeamka na homa. Mimi ni fundi wa maji. Nimeingia kwenye mitaro ya kila aina, nimetoa vyura kwenye mabomba, nimetukanwa na wenye nyumba ambao maji yao yamekatika siku ya harusi. Yote hayo nimeyazoea. Lakini siku mwenyekiti wa jumuiya yetu ya watumia maji aliponiita ofisini Lushoto mjini, akaniambia nipande Malindi, kijijini kwetu huko milimani, nikafunge loga kwenye mita ya kitongoji chetu, niliitamani hiyo homa.

Loga yenyewe ni kisanduku kidogo tu, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Unakiunganisha na mita kwa waya, unakitia betri na laini ya simu, basi. Mita ikizunguka, kisanduku kinahesabu, kisha kinatuma hesabu ofisini bila mtu kupanda mlima. Ofisi inaona ni saa ngapi maji yamepita na ni kiasi gani. Kwa kitongoji chetu sababu ya kukifunga ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: kumnasa kaka yangu.

Kaka ndiye mwangalizi wa maji. Kiangazi chanzo kinaposinyaa tunapewa maji kwa mgao, naye hupanda hadi kwenye tanki baada ya swala ya alfajiri, anafungua koki, mchana anaifunga. Kiangazi kile mita kubwa, iliyo pale bomba linapoingia kitongojini, ilikuwa inaonyesha maji mengi yanapita, lakini mapipa ya watu hayajai. Sasa maji yanakwenda wapi? Na kaka, mtoto wa watu, ana shamba la kabichi kandokando ya bomba. Kabichi za wenzake zimejikunja kwa jua, zake zimenona, kijani kibichi, unaziona kutoka ng'ambo ya bonde. Watu wakajumlisha wenyewe.

Hakuna aliyemwambia usoni. Kwetu hawakwambii usoni. Wanakusema mashambani, na kwenye msiba ukikaa mkeka huu, wao wanahamia ule. Mama anakaa kwa kaka, na yeye alishaanza kwenda sokoni peke yake. Kama ingethibitika, kaka angevuliwa kazi na nyumba yake ingekatiwa maji, lakini hayo si kitu. Mwizi wa maji wakati wa kiangazi, milimani, jina hilo linarithiwa na wajukuu.

"Mwenyekiti," nilisema, "yule ni kaka yangu wa tumbo moja. Mtume fundi mwingine."

"Ndiyo maana nakutuma wewe, binti. Mchawi mpe mwanao akulelee." Akacheka mpaka kofia ikamshuka. "Ukimficha, aibu ni yako. Ukimfichua, hakuna atakayesema tumemwonea."

Mimi sikucheka. Nilichukua kisanduku, nikakifunga kwenye begi langu, nikatafuta bodaboda.

Nilimkuta kaka amekaa juu ya mfuniko wa chemba ya mita, na jembe pembeni, ananisubiri. Habari zilikuwa zimepanda mlima kabla yangu, kama kawaida yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Huyo ndiye askari wangu? Mtoe nimwone."

Nikamtoa. Akamgeuza huku na huku, akamrudisha mkononi mwangu, akaanza kuchimba. Sijawahi kufanya kazi na msaidizi wa namna ile. Alitoa matope yote chembani, akafuta kioo cha mita kwa shati lake, akanishikia tochi nilipokuwa nafunga kihisi juu ya mita. Nilipotoa simu kukipa kisanduku maagizo yake, yaani jina la kitongoji, saa, na kwamba kila pigo moja la mita ni lita kumi, alichungulia begani kwangu kila nilichobonyeza. Kisha tulihakikisha: tulijaza pipa tunalolijua ujazo wake, tukalinganisha na hesabu ya kisanduku. Zililingana. Nilitaka baadaye asitokee mtu wa kusema dada mtu alichezea mashine.

Mtandao ndio uliotusumbua. Mfuniko wa chemba ni wa chuma, ukiufunga tu, kisanduku kinakuwa bubu. Ukiufungua, kinaongea. Kaka akashika antena akawa anazunguka nayo juu ya mawe, mkono juu, mara huku mara kule.

"Fundi mzima anatafuta mtandao kama anayetafuta mbuzi aliyepotea," alisema.

"Mbuzi mwenyewe umemshika wewe. Sogea kushoto."

Palipopatikana mtandao akasimika nguzo ya mkaratusi, akapitisha waya ndani ya kipande cha bomba ili panya wasiutafune, akashindilia udongo kwa miguu. Nilimtazama nikazidi kuogopa. Mtu asiye na hatia angefanya vile. Mjanja kupita kiasi naye angefanya vilevile.

Nilishindwa kuvumilia. "Kaka, kabichi zako unazimwagilia nini?"

Aliacha kushindilia. "Na wewe?"

Alinishika mkono kama nilipokuwa mdogo, akaniteremsha hadi chini kabisa ya shamba lake, kwenye shimo alilolichimba mwenyewe mahali udongo unapochuruzika. Maji yalikuwa yanajikusanya humo polepole, mekundu ya mfinyanzi. Kulikuwa na kopo la rangi na ndoo mbili. "Nachota jioni, shina kwa shina," alisema. "Hawajawahi kushuka kuangalia. Wanaangalia kutoka juu." Nilimwamini palepale, na nikajua pia kwamba imani yangu haina uzito kwa wengine. Nani ataichukua imani ya dada ikawa ushahidi?

Kisanduku kilituma hesabu zake za kwanza vizuri tu. Nilizifungua ofisini, kwenye kompyuta, mwenyekiti amesimama nyuma ya kiti changu. Mstari wa grafu ulikuwa umelala chini usiku kucha. Ulipofika wakati kaka anapofungua koki, ukasimama wima kama msumari, juu kabisa, ukakaa huko kidogo, ukaanguka. Baada ya hapo ndipo ukawa mstari wa kawaida wa watu wanaochota maji. Siku iliyofuata ya mgao, vilevile. Msumari alfajiri.

"Alfajiri," mwenyekiti alisema. Safari hii hakucheka. "Watu ndio kwanza wanatoka kwenye swala au bado wamejifunika mablanketi. Nani anachota maji yote hayo?"

Kikao kilipangwa kiwe Ijumaa. Nikamwomba kitu kimoja tu, aniache kwanza nikae kwenye mita alfajiri moja, nione kwa macho yangu. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Nilipanda nikalala kwa mama. Kaka alipokwenda kwenye tanki mimi nilikwenda kwenye chemba, nimejifunga kanga juu ya sweta, ukungu umejaa bonde hata sioni nguzo yetu ya antena. Nikafungua mfuniko nikamulika. Mita imetulia. Nikangoja. Basi ghafla ikaanza kuimba. Sauti nyembamba, kama nyigu ndani ya chupa, na mshale ukawa unakimbia kiasi kwamba sikuuona tena. Nikasema moyoni, huyo hapo mwizi, na ni kaka yangu.

Kando ya mita kuna kibomba kidogo cha kupimia. Nilikifungua bila kufikiri, nadhani nilitaka niyaone hayo maji kabla hayajaibwa. Haikutoka hata tone. Ulitoka upepo. Upepo mkavu, wa baridi, wenye harufu ya kutu, ukanipiga usoni ukanipeperusha kanga. Nikaweka kiganja: kikavu. Mita inaimba, inahesabu lita juu ya lita, na kiganja changu kikavu! Baadaye kibomba kikakohoa, kikatema maji ya kahawia, kisha maji yenyewe yakaja. Hapo mita ikaacha kuimba, ikaanza kwenda polepole kama bibi anayepanda mlima wa Mgwashi na mzigo.

Mita haina ulimi. Chochote kinachopita na kuizungusha, yenyewe inaandika ni maji. Maji ya mgao yakifungwa bomba linabaki tupu, linajaa hewa, na yakifunguliwa yanaisukuma hewa hiyo mbele yao. Hilo nililisoma chuoni. Lakini hewa haiwezi kukimbia kwa kasi ile kama haina pa kutokea, na mabomba ya watu saa ile, nilidhani, yamefungwa. Nikashuka mbio kuelekea kwenye nyumba.

Nyumba ya kwanza ni ya kaka. Bomba la uani lilikuwa limefunguliwa mpaka mwisho, na chini yake sufuria kubwa limelazwa kifudifudi. Mama alikuwa chini kwenye maharage.

"Shikamoo, mama. Mbona bomba liko wazi?"

"Marahaba. Sasa nitajuaje maji yamefika?" Alinishangaa. "Huanza mpeho, upepo, kwanza, ndipo mazi. Bomba likipumua najiweka tayari. Tone likigonga sufuria nasikia hata nikiwa huku, nakuja na ndoo."

Nikaenda kwa jirani. Bomba wazi, chini yake debe. Kwa anayefuata, kipande cha bati. Kitongoji kizima mabomba yote yalikuwa wazi, kila moja juu ya kitu kinacholia, ili mwenye nyumba alime huku anasikiliza. Nimekulia ndani ya sauti zile. Kila mtu alijua upepo hutangulia. Ila hakuna, nikiwemo mimi mwenye cheti ukutani, aliyewahi kujiuliza kama mita inauhesabu.

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na hayo machozi hayakuwa ya kicheko tu. Mama aliacha jembe akaja kunishika paji la uso kuona kama nina homa. Nilimkumbatia na matope yake yote. Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi vile.

Mwenyekiti hakufurahi haraka. "Upepo!" alisema kwenye simu. "Kesho utaniambia na kabichi zinamwagiliwa upepo."

"Kabichi nitakuonyesha zinamwagiliwa nini. Njoo na wajumbe, mzee wangu. Mje na makoti."

Walikuja, wamejikunyata kwa jinsi ukungu ulivyokuwa mzito. Kaka akafungua koki kule juu, mita ikaanza kuimba, nami nikafungua kibomba. Mwenyekiti akaweka kiganja. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha tena, huku mshale ukikimbia mbele ya macho yake. Kisha akamwachia mjumbe mwenzake nafasi, naye akaweka chake. Tulipomaliza niliwashusha wote hadi kwenye shimo la chini ya kabichi, wakalitazama, na mmoja akachota kwa lile kopo akamwagilia shina moja, sijui kwa nini.

Nilifunga valvu ya hewa kabla ya mita, upepo utokee hapo, na tukawaomba watu wafunge mabomba yao siku ya mgao. Kina mama walikataa katakata mpaka kaka alipoahidi kugonga kipande cha reli kila maji yanapofika. Siku ya mgao uliofuata nilifungua kompyuta. Msumari haukuwepo. Mstari ulipanda taratibu, ukatembea, ukashuka, na jumla yake ikaendana na mapipa ya watu. Maji yale mengi hayakuibwa. Hayakuwahi kuwepo. Ilikuwa habari mbaya kuhusu chanzo chetu na habari njema kuhusu kaka yangu, na mimi siku ile niliichukua ile njema, mbaya nikaiacha kwa wajumbe.

Kikao kilifanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti alisimama akasema wazi, bila kuzungusha, kwamba hakuna mwizi na hakukuwa na mwizi, na akamwomba kaka radhi mbele ya watu. Wengine walisema alhamdulillahi, mzee mmoja Mlutheri nyuma yangu akasema Bwana asifiwe, na mama akajifunika uso kwa ushungi. Mimi nilijihisi mwepesi kama nimetua kuni. "Basi," mwenyekiti akamalizia, "fundi, kisanduku kimemaliza kazi yake. Kifungue, tukipeleke kitongoji kingine."

Nilikuwa nimeshatoa spana. Kaka akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kisiondoke."

Watu wakageuka kumtazama.

"Mimi nafungua maji peke yangu, alfajiri, hakuna anayeniona. Kiangazi kingine mapipa yasipojaa, mtanitazama tena."

"Si unaye dada yako fundi?" mtu mmoja akasema, kwa nia njema kabisa. "Huyu ndiye shahidi wako."

Kaka alinitazama, akatabasamu, akatikisa kichwa. "Huyu angenitetea hata ningeiba. Mnajua hivyo, na yeye anajua. Kiacheni kile. Kile hakina kaka."

Nikarudisha spana kwenye begi.