Siagi kwenye Gari la Kamanda

Gari lile nililichukia kabla halijamuua mtu. Lilikuwa jeusi, la zamani hata kwa wakati ule, na kwenye paa lilikuwa na kipande cha bati kilichoteleza nyuma ukizungusha mpini mdogo, ili Mzungu wa kampuni ya pamba apate upepo wa ziwa. Mume wangu alikuwa dereva wake. Kila Jumamosi alizisafisha reli za bati lile kwa kitambaa, akazipaka grisi nyembamba kutoka kwenye kopo alilolificha hata kwangu. Watoto walikosa sabuni, reli hazikukosa grisi.

Uhuru ulipokuja, Mzungu alivuka kwenda Usumbura, gari likabaki uani kwetu, mtaa wa Songo. Kopo likaisha. Waasi walipouteka mji walikuja kutafuta gari, wakamkuta mume wangu ndani yake kama kawaida. Wakalichukua pamoja na yeye.

Kamanda wao alitaka kuingia Kamanyola amesimama, kifua nje ya paa, watu wamwone. Lakini vumbi la uwanda wa Ruzizi lilikuwa limezikaza reli. Mpini ulizunguka kidogo ukagoma. Kamanda hakufoka. Alisema tu, "Kesho asubuhi ifunguke. Isipofunguka, weye utabakia pale," akaonyesha ukuta wa gereji. Kazi ya ukuta ule sote tuliijua.

Mchana huo mume wangu alirudi nyumbani kutafuta cha kupaka. Maduka yalikuwa matupu. Mafuta ya injini yaliyobaki hayakutosha hata injini yenyewe, na mishumaa ya misheni ilikuwa imeporwa. Tulikuwa na mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi, na siagi ya ng'ombe ambayo shangazi yangu alituletea kutoka Rurambo milimani, ya kuwapaka watoto mwilini.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wapiganaji wale walikuwa na dawa ya kuzigeuza risasi kuwa maji, na dawa ina miiko. Mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: wasiguswe na mwanamke, wala na kitu kilichotengenezwa kwa mikono yake. Mawese yetu yalikanyagwa na wanaume, kwa hiyo hayakuwa na neno. Lakini kibuyu cha maziwa husukwa na mwanamke, na siagi huoshwa na mwanamke.

Nikamwambia mume wangu, "Papa, paka mawese. Hiyo iko salama."

"Mawese inayeyuka na jua, mama. Itamuangukia mu shati."

"Shati inafuliwa."

"Siagi ikiyeyuka haionekane. Mawese iko nyekundu. Muntu anaenda mu vita, anaona matone nyekundu mu kifua yake. Si atasema minye nimemuroga?"

Nikamletea siagi. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko mengine yote. Yalikuwa maji ya shingo, tukabaki tunachagua mafuta.

Aliiosha siagi tena na tena kwa maji baridi ili isinuke, akaipaka kwenye reli kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, kama anayempaka mtoto dawa ya macho. Bati likaenda, likarudi, bila mlio. Akatabasamu. Nitakuwa mwongo nikisema hakutabasamu. Kwa dakika ile aliusahau ukuta.

Yaliyofuata niliambiwa na dereva mwenzake aliyefuata nyuma na lori. Mume wangu aliendesha, Kamanda akasimama njia nzima, ameshika ukingo wa paa, na watu wakampigia makofi kwa woga. Siagi haikudondoka. Kabla ya kufika Kamanyola, risasi ikamwingia begani.

Kwao risasi ikiingia, dawa haina kosa. Kuna aliyevunja mwiko, na lazima apatikane. Wakamuuliza Kamanda amegusa nini tangu asubuhi. Akatazama vidole vyake, vinang'aa. Mpiganaji mmoja, mtoto wa wafugaji wa milimani, akavinusa na kusema, "Hii ni siagi."

"Nani aliitengeneza?"

"Ni minye," mume wangu akajibu. "Nyumbani kwangu hakuna mwanamuke."

Walihitaji mwenye kosa mmoja, naye alikuwa amejitaja. Wakampiga risasi kando ya barabara, mbali na ule ukuta tuliouogopa. Songo hawakuja kunitafuta. Kwa maneno yale alinikana, na kwa maneno yale niko hai. Nimemkasirikia na kumshukuru kwa pumzi ileile, na sijajua bado ni lipi litangulie.

Vita vilipopungua nilikwenda uwandani. Gari lilikuwa limetupwa mtaroni, magurudumu yameibiwa, paa wazi, viti vimeoza kwa mvua. Niliketi mahali pa mume wangu, nikazungusha ule mpini. Bati likaja taratibu, likafunga, bila mlio hata kidogo. Nililia mle ndani mpaka sauti ikanikauka.