Picha za Chini

Miaka ya sabini nilifundisha watoto wadogo hapa Bunia. Siku moja nikatumwa Nyankunde kwenye resiklaji, mafunzo ya kutunoa upya siye walimu. Mfundishaji akatukalisha kwenye viti vya watoto. Nilikasirika. Mbele ya macho yangu kulikuwa na magoti yake tu; picha zote za ukutani zilikuwa huko juu, karibu na dari.

Ndani ya lori la kurudi sikutulia hata kidogo, nikiwaza watoto wangu wanaona nini wakiwa wamekaa. Asubuhi nikabandua picha za darasa langu, nikazibandika chini, karibu na sakafu.

Mkuu wa shule akashangaa. «Madamu, nani ataziona huku?»

«Chuchumaa, muzee, utaona.»

Akatazama vumbi, akatazama suti yake mpya ya abakosti iliyopigwa pasi, akatoka bila kuchuchumaa. Mchana nikamsikia akilalamika kwamba darasa langu halina picha hata moja.