Jozi ya Kumi na Mbili

Wifi yangu Eulogia hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini alikukata jicho mpaka ukaomba radhi. Kamba ya kengele ya kanisa aliirithi kwa mama yake akiwa na miaka kumi na tisa. Kijiji chetu, Valdecorza, kiko juu mlimani, mahujaji waendao kwa miguu kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago wamekuwa wakilala kwetu tangu enzi za babu wa mababu, na ukungu ukishuka kengele ndiyo njia. Aliyepotea huifuata sauti. Ikikatika hana cha kufuata, na upande wa kaskazini kuna korongo.

Utaratibu wetu ni mmoja. Leocadia wa baa ya bondeni hupiga simu kusema wangapi wamepita kuja juu, na Eulogia haachi kamba hadi wa mwisho aingie. Mimi ndiye mwenye nyumba ya mahujaji, kwa hiyo kuhesabu ni kazi yangu.

Siku hiyo ya Machi theluji ilianza mchana. Leocadia akasema kumi na wawili. Kufika saa tisa supu ya vitunguu saumu ilikuwa inaungua, dari linavuja, na mahujaji wanagombania pa kuanika soksi. Sikuhesabu vichwa. Nilichungulia rafu ya viatu mlangoni, nikaona jozi kumi na mbili, nikafungua dirisha.

"Wifi! Shuka, wametimia!"

"Umehesabu vizuri? Wewe hata kuku wako huwajui idadi!"

"Shuka bwana, usije ukafia huko juu tukakosa wa kumsengenya!"

Kengele ikanyamaza. Nilifurahi, nasema kweli, maana kichwa kilikuwa kinanigonga.

Eulogia alikuja, akaota moto, akanywa supu na kuisema kwamba imeungua. Alipokwenda kuchukua buti zake nikamwona amesimama tu, mkono ameutia ndani ya kiatu cha mtu.

"Wifi," alisema taratibu. "Hiki kikavu."

Hakuna wiki inayopita bila hujaji kutelekeza viatu vilivyomchosha, na hivi vilikuwa pale tangu juzi. Mimi mwenyewe ndiye niliyevipanga. Kengele ilikuwa kimya kwa dakika arobaini na tano.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alikimbilia mnarani na soksi zake, mwanamke wa miaka sabini na moja, na kengele ikaanza upya. Ndipo nikahesabu vichwa. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na mmoja. Vijana wawili wakataka kwenda kutafuta, nikawazibia mlango na mwiko wangu.

"Kaeni chini! Mkitoka nitakuwa natafuta watatu!"

Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu. Kila mlio ulipochelewa kidogo nilishika meza. Niliomba, nikaahidi mambo ambayo sijayatimiza hadi leo. Saa kumi na moja na robo mlango ukasukumwa, akaingia Belmiro, Mreno mmoja mstaafu wa posta, theluji hadi kwenye nyusi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vyeupe kama nta. Baadaye madaktari walivikata.

"Nilikuwa naisikia karibu kabisa," alisema. "Ikanyamaza. Nikakaa chini kwenye theluji. Kwa nini mliinyamazisha?"

Eulogia alikuwa ameshashuka. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na akavificha chini ya aproni.

"Mkono wangu, kaka," alisema. "Uliishiwa nguvu. Nisamehe."

Kisha akanitazama. Nilikuwa na bakuli mkononi na ulimi mdomoni. Nikampa Mreno supu.

Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mkono wa Eulogia uliishiwa nguvu. Mwezi wa nne kikaitishwa kikao: Eulogia amezeeka, kamba apewe mpwa wa Leocadia. Eulogia alikaa mstari wa mbele, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga, anyooshe mkono.

Mikono yangu ilibaki mapajani.